Mafundi wa meli wa Al Nahda na shahada isiyopatikana bila daftari

Jioni inapoingia katika mtaa wa Al Nahda, pale Dubai inapopakana na Sharjah, mabasi ya makampuni huanza kuwashusha wafanyakazi waliotoka katika karakana za meli, bandarini na kwenye maghala. Miongoni mwao wamo vijana kutoka Mombasa, Dar es Salaam, Unguja na Kampala, ambao mchana kutwa wamekuwa wakifungua pampu, wakisafisha vichujio vya mafuta na kuchomelea mabomba.

Kwa Kiarabu, neno nahda lina maana ya kuinuka. Kwa fundi wa mitambo anayelala chumba kimoja na wenzake kadhaa ili apunguze kodi, kuinuka kuna jina moja: shahada ya uhandisi wa meli.

Anaitaka bila kuacha kazi. Viza yake ya ukaazi imefungamana na ajira yake, na nyumbani kuna karo za wadogo zake na dawa za wazazi zinazosubiri mwisho wa mwezi. Kurudi darasani kwa miaka 4 bila mshahara ni jambo lisilowezekana.

Njia ya kusoma huku mtu akifanya kazi ipo, na ni ya siku nyingi. Ni uanagenzi: mtu hushika spana chini ya jicho la fundi mkubwa, huenda chuoni kwa vipindi, na hupanda daraja kwa daraja hadi kufikia cheti, na hatimaye shahada.

Hata hivyo, kwa wengi walio Al Nahda njia hiyo imefungwa. Kinachoifunga si akili, wala si fedha peke yake. Ni kwamba kazi wanayoifanya kila siku haiandikwi mahali panapotambuliwa, na kazi isiyoandikwa haihesabiwi.

Vyeti viwili, mamlaka mbili

Chanzo cha kwanza cha matatizo ni mkanganyiko wa majina. Vijana wengi huzungumzia "digrii ya meli" kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali kuna hati mbili tofauti zinazotolewa na mamlaka mbili tofauti.

Ya kwanza ni shahada, ambayo hutolewa na chuo kikuu. Ya pili ni cheti cha umahiri, ambacho hutolewa na mamlaka ya usafiri wa baharini ya nchi: nchini Kenya ni KMA, Tanzania Bara ni TASAC, na Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini ya visiwa hivyo.

Mkataba wa kimataifa unaosimamia mafunzo ya mabaharia, unaojulikana kwa kifupi kama STCW, ulipitishwa mwaka 1978 chini ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, IMO, lenye makao yake London. Ulifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1995 na tena mjini Manila mwaka 2010.

Mkataba huo haumtaki injinia wa meli awe na shahada. Unamtaka awe na cheti cha umahiri. Mwenye shahada asiye na cheti hawezi kukabidhiwa zamu katika chumba cha injini cha meli kubwa. Mwenye cheti asiye na shahada anaweza kupanda hadi kuwa mhandisi mkuu wa meli.

Shahada inakuwa na uzito pale mtu anapotaka kushuka nchi kavu: kuwa mkaguzi wa meli, msimamizi wa matengenezo katika ofisi ya kampuni, mhadhiri wa chuo, au kusajiliwa na bodi ya wahandisi ya nchi yake. Kwa hiyo anayelipia masomo bila kujua anatafuta ipi kati ya hati hizo mbili anaweza kumaliza akiba ya miaka na kujikuta ameshika karatasi isiyofungua mlango alioukusudia.

Miezi 12 au miezi 36

Mkataba wa STCW unatoa njia mbili za kufikia cheti cha kwanza cha injinia wa zamu, kwa meli zenye injini kuu ya nguvu ya kilowati 750 au zaidi.

Njia ya kwanza ni ya aliye katika mpango wa mafunzo ulioidhinishwa. Huyu anahitaji muda usiopungua miezi 12, ukijumuisha kazi za karakana na kazi ya melini, na kila hatua huandikwa katika daftari rasmi la mafunzo. Anayesaini ni ofisa aliyemsimamia.

Njia ya pili ni ya asiye na mpango huo. Yeye anahitaji miezi isiyopungua 36, na kati ya hiyo miezi 30 lazima iwe ya kazi ya baharini katika idara ya injini. Katika njia zote mbili, kuna miezi 6 ya kushika zamu chini ya usimamizi, na bado yapo masomo na mitihani.

Tofauti kati ya miezi 12 na 36 ndiyo bei ya daftari. Ni miaka 2 kamili ya maisha ya mtu.

Mfano wa kufikirika unatosha kuonyesha jambo hili. Tuseme kuna vijana wawili wanaokaa chumba kimoja Al Nahda. Mmoja amefanya kazi miaka 3 katika karakana ya gudi, mahali meli zinapotolewa majini kutengenezwa. Mwenzake amefanya kazi miaka 3 kama msaidizi wa chumba cha injini kwenye tagi, yaani boti ya kuvutia meli.

Wa kwanza huenda ameona injini nyingi na za aina nyingi kuliko mwenzake. Amefungua mitungi, amepima fani, amebadilisha mihuri ya shafti. Lakini akifika mbele ya mamlaka bila mpango ulioidhinishwa, ni miezi 6 tu ya karakana inayoweza kuingia katika ile 36. Miaka yake 3 inakuwa nusu mwaka.

Wa pili ana afadhali, lakini naye hayuko salama. Akiwa hana barua za utumishi zilizosainiwa na nahodha au mhandisi mkuu, zinazotaja jina la chombo, nguvu ya injini na tarehe za kupanda na kushuka, madai yake yanabaki maneno matupu. Na endapo chombo chenyewe kilikuwa na injini ndogo kuliko kiwango kinachotakiwa, huenda muda huo usikubaliwe kabisa.

Wengine walifanyaje

Uanagenzi wa meli si jambo jipya kwa Waswahili. Mjenzi wa majahazi wa Lamu au Nungwi hajasomea kazi yake darasani. Ameanza kwa kumshikia mzee tezo, akapewa kupiga kalafati, na baada ya miaka mingi akaaminiwa kuweka mkuku.

Hata meli za chuma zilikuwa na shule yake. Meli ya Liemba, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ilisafirishwa vipande vipande hadi Kigoma ikaungwa huko. Ilizamishwa mwaka 1916 wakati wa vita, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Kwa miongo mingi baada ya hapo, chombo kama hicho kisingeweza kuendelea kuelea bila mafundi waliofundishana kazi juu ya ziwa.

Nchini Uingereza nako, injinia wa meli kwa muda mrefu alikuwa mtu aliyetumikia uanagenzi katika yadi ya kujenga meli. Mwaka 1952 ukaanzishwa mpango mbadala wa kuwachukua vijana moja kwa moja na kuwagawia muda kati ya chuo, karakana na meli. Leo kijana wa huko anayedhaminiwa na kampuni ya meli humaliza akiwa na cheti cha umahiri pamoja na stashahada au shahada ya ngazi ya kwanza, kisha anaweza kuijazia baadaye iwe shahada kamili huku akiendelea na safari zake. Tangu mwaka 2015, England imekuwa pia na uanagenzi unaofikia shahada katika fani mbalimbali, ambapo mwajiri humlipa mwanagenzi mshahara naye hadaiwi ada.

Ufilipino imekwenda mbali zaidi kwa kuuingiza mwaka wa baharini ndani ya shahada yenyewe. Mwanafunzi wa uhandisi wa meli husoma darasani miaka 3, na mwaka mmoja hukaa melini. Bila mwaka huo, shahada haitoki.

Ndiyo maana katika jengo moja la Al Nahda anaweza kupatikana Mfilipino na Mkenya wa umri mmoja, wanaofanya kazi inayolingana kwa ugumu, lakini mmoja ana daraja la kupanda na mwenzake hana. Hawatofautiani kwa bidii. Mmoja aliondoka kwao akiwa na nchi nyuma yake iliyoandika alichojifunza.

Nyumbani kuna vyuo, hakuna meli

Haitakuwa haki kusema Afrika Mashariki imelala. Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, kilianza mwaka 1978 kama kituo cha mafunzo na kuanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1991. Leo kinatoa shahada ya teknolojia ya uhandisi wa meli.

Kenya iliingizwa mwaka 2010 katika orodha nyeupe ya IMO, yaani orodha ya nchi ambazo mafunzo yake yanakidhi mkataba. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, JKUAT, kinafundisha uhandisi wa meli, na Chuo cha Bandari cha Mombasa kiligeuzwa kuwa taasisi ya mafunzo ya baharini mwaka 2018. Zanzibar nayo iliunda wizara ya uchumi wa buluu mwaka 2020.

Tatizo ni kwamba darasa ni rahisi kulijenga kuliko kuipata meli. Shirika la meli la pamoja la Afrika Mashariki lililoanzishwa mwaka 1966 lilikufa mwaka 1980, na tangu hapo eneo hili halijawa na kundi la meli za masafa marefu linaloweza kupokea wanafunzi kwa mamia. Wahitimu wa Kenya wamelalamika kwa miaka mingi kwamba wana shahada mkononi lakini hawana nafasi melini ya kutimizia miezi 12.

Hapo ndipo panapojitokeza kinyume cha ajabu. Mombasa kuna wenye shahada wasio na meli. Al Nahda kuna wenye meli wasio na shahada. Pande hizo mbili zinazungumza lugha moja, lakini hakuna aliyejenga daraja kati yao.

Kwa nini kanuni ni kali

Wapo wanaosema kanuni hizi ni njama za nchi tajiri za kuwazuia maskini. Hoja hiyo ina mvuto, lakini haisimami mbele ya makaburi.

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, na watu zaidi ya 220 wakafa. Siku 2 baadaye waokoaji walimtoa mhandisi wa kivuko hicho akiwa hai, baada ya kujifungia katika chumba kilichobaki na hewa. Kabla ya hapo kulikuwa na MV Bukoba mwaka 1996 na MV Spice Islander mwaka 2011.

Ajali hizo zilihusu zaidi kujaza watu kupita kiasi kuliko ubovu wa vyeti. Lakini zote zinafundisha somo moja: chombo cha majini hakisamehi penye kanuni iliyofumbiwa macho. Abiria hawezi kumpima injinia kwa macho. Anachoweza kutegemea ni kwamba mtu fulani alimpima kabla yake na kutia saini.

Isitoshe, injini zenyewe zinabadilika. Mwezi Julai 2023, nchi wanachama wa IMO zilikubaliana kwamba usafiri wa meli ufikie sifuri halisi ya uchafuzi wa gesi joto ifikapo mwaka 2050 au karibu na hapo. Hiyo ina maana ya mafuta mapya kama methanoli na amonia, na amonia ni sumu. Fundi aliyejifunza kwa mkono na sikio peke yake atahitaji pia kemia na hesabu. Sababu ya kutafuta shahada, kwa hiyo, inazidi kuwa na nguvu.

Kwa hivyo dai la haki haliwezi kuwa kwamba kanuni zilegezwe. Dai la haki ni kwamba anayezitimiza kwa jasho apewe mahali pa kuandika.

Hatari ya kukimbilia meli yoyote

Pengo hili lina gharama nyingine. Kijana anayehitaji miezi ya baharini huwa tayari kupanda chombo chochote, na hao ndio wanaotafutwa na wamiliki wasio waaminifu.

Meli ya mafuta ya MT Iba ilipokwama ufukweni Umm Al Quwain mwezi Januari 2021, si mbali sana na Al Nahda, mabaharia wake walikuwa wamekaa ndani yake zaidi ya miaka 2 bila mshahara. Aliyeko katika meli ya aina hiyo hukosa vyote: fedha, na hata muda wa kuhesabiwa, kwa kuwa meli isiyosafiri haimpi mtu uzoefu wa zamu.

Wapo pia madalali wanaotoza ada kwa ahadi ya nafasi melini. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unakataza kumtoza baharia gharama za kumtafutia kazi. Anachoweza kulipia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti au hati kama hizo za kusafiria. Anayedai zaidi ya hapo anavunja kanuni, hata kama ofisi yake ina kiyoyozi na picha za meli ukutani.

Kinachowezekana

Serikali ya Falme za Kiarabu haina deni la kuwasomesha raia wa kigeni. Sheria yake ya kazi iliyoanza kutumika Februari 2022 inaweka kikomo cha saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki kwa wafanyakazi wa sekta binafsi, na imeruhusu ajira za muda na za saa zinazobadilika. Hiyo inamwachia mfanyakazi wa karakana saa chache za jioni. Haimpi mpango wa uanagenzi.

Jukumu hilo liko Mombasa, Dar es Salaam na Unguja, na sehemu yake kubwa haihitaji kujenga jengo hata moja.

Kwanza, mamlaka za baharini zinaweza kutoa madaftari ya mafunzo kwa raia walioko Ghuba, kupitia vyuo vya nyumbani, baada ya kukagua chombo na mwajiri husika. Pili, wapo wahandisi wakuu wenye vyeti vinavyotambuliwa wanaofanya kazi katika bandari za Ghuba. Baadhi yao wanaweza kuidhinishwa kuwa wasimamizi na watahini.

Tatu, mfumo wa kutambua ujuzi alioupata mtu kazini tayari upo kisheria. Tanzania ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi chini ya VETA, na Chuo Kikuu Huria kilichoanzishwa mwaka 1992 kimekuwa kikipokea wanafunzi kwa njia ya kutambua ujuzi wa awali. Kenya ina NITA inayowapima mafundi kwa madaraja, na ina mamlaka ya kusimamia sifa za elimu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Kinachokosekana ni kuvifunga vipande hivi viwe ngazi moja, ili aliyepimwa kwa daraja la fundi asilazimike kuanza mwaka wa kwanza kana kwamba hajawahi kuiona pampu.

Nne ni makubaliano kati ya serikali. Chini ya mkataba wa STCW, nchi inayotaka meli zake zipokee vyeti vya nchi nyingine hukubaliana nayo kwanza. Cheti bila makubaliano ni kama hundi isiyo na benki.

Soko lipo. Ripoti ya mwaka 2021 ya mashirika ya BIMCO na ICS ilikadiria kwamba dunia ilikuwa na mabaharia milioni 1.89, ikipungukiwa na maofisa 26,240 wenye vyeti, na kwamba wangehitajika maofisa zaidi 89,510 ifikapo mwaka 2026. Nafasi hizo hazimsubiri mtu. Zikikosa Waafrika Mashariki, wengine watazijaza.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Wakati serikali zinajadiliana, fundi wa Al Nahda ana mambo ambayo yako mikononi mwake. Kabla ya kulipa ada yoyote anaweza kuuliza: Je, hati hii ni shahada au ni cheti cha umahiri? Ni mamlaka gani ya baharini iliyoidhinisha kozi hii? Je, inakuja na daftari la mafunzo? Muda wangu wa kazi utahesabiwa kwa miezi mingapi? Na kama masomo ni ya masafa, je, shahada hiyo inatambuliwa nchini ninakoishi na ninakotaka kwenda?

Chuo cha kweli hujibu maswali hayo kwa maandishi. Asiyejibu amekwisha kujibu.

Lililo muhimu pia ni kuomba barua ya utumishi kila mtu anaposhuka chombo, siku ileile, kabla nahodha hajahamishwa na kampuni haijabadili jina. Barua hiyo haigharimu kitu ikiombwa mapema. Ikiombwa baada ya miaka 5, huenda isipatikane kwa bei yoyote.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakizungumzia biashara ya duka, lakini usemi huo unafaa pia kwa jasho la karakana. Kila jioni mabasi yanaposhusha watu Al Nahda, yanashusha pia maelfu ya saa za mafunzo ambazo hakuna aliyeziandika. Kesho alfajiri mabasi yatarudi kuwachukua, na hesabu itaanza tena kutoka sifuri, mpaka pale mamlaka ya nyumbani itakapowafikishia daftari.